Jina la Taasisi Lisiachwe Mikononi mwa Mtu Mmoja

Mtu mwenye kompyuta ya kawaida na ujuzi wa kujifunza kwa nusu siku anaweza kumwandikia mhasibu wa kampuni barua pepe inayoonyesha, juu kabisa, anwani ya mkurugenzi wake herufi kwa herufi. Hahitaji nywila ya mkurugenzi wala hadukui chochote. Anaijaza tu anwani hiyo kwenye nafasi ya mtumaji, na ikiwa kampuni haijaweka kinga kwenye kikoa chake, yaani lile jina linalokaa baada ya alama ya @, barua inaweza kufika ikiwa na sura halali kabisa. Kanuni ya kusafirisha barua pepe, SMTP, iliandikwa na Jon Postel mwaka 1982, enzi ambayo mtandao ulikuwa wa vyuo na maabara ambazo watu wake walijuana. Haikumtaka mtumaji athibitishe kuwa ndiye. Mlango huo tumeurithi ukiwa wazi, na juu yake tumejenga biashara, benki, mahakama na serikali.

Anayeumia si mtu wa kompyuta. Anayeumia ni mwagizaji wa vipuri pale Kariakoo, aliyekwisha kukubaliana bei na muuzaji wa Guangzhou, kisha anapokea barua inayosema akaunti ya benki imebadilika, malipo yapelekwe huku. Analipa. Muuzaji halisi anapouliza fedha ziko wapi, zimeshatolewa na kutawanywa. Mwaka 2023 kituo cha FBI kinachopokea malalamiko ya uhalifu wa mtandaoni kiliandikisha hasara ya zaidi ya dola bilioni 2.9 kutokana na utapeli wa barua pepe za kibiashara. Si barua zote za aina hiyo zinazoghushi anwani. Nyingine hutoka kwenye akaunti halali ambayo nywila yake imeibwa. Lakini kughushi ndiyo njia rahisi kuliko zote, na ndiyo inayoweza kufungwa na mwenye jina mwenyewe, bila kumsubiri polisi wala benki.

Kufuli zipo, tena za siku nyingi. Ya kwanza ni SPF, iliyochapishwa kama kanuni mwaka 2006: mwenye kikoa anatangaza orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lake. Ya pili ni DKIM, iliyofuata mwaka 2007 baada ya Yahoo na Cisco kuunganisha kazi zao: seva inatia sahihi ya kihesabu kwenye kila barua, na mpokeaji anaihakiki kwa ufunguo uliowekwa hadharani. Ya tatu ni DMARC, iliyotangazwa Januari 2012 na kundi lililojumuisha PayPal, Google, Microsoft na Yahoo. Hii ya tatu ndiyo inayofanya mbili za kwanza ziwe na maana kwa msomaji wa kawaida. SPF yenyewe hukagua anwani ya safari, ambayo haionekani kwenye skrini. Tapeli anaweza kuifaulu kwa kikoa chake mwenyewe huku akikuonyesha jina la benki yako. DMARC inadai kwamba kilichohakikiwa kilingane na jina lile unaloliona kwa macho, na inamweleza mpokeaji la kufanya visipolingana: aipitishe tu na kutoa taarifa, aitie kwenye folda la taka, au aikatae kabisa.

Mwaka 2016 mamlaka ya kodi ya Uingereza, HMRC, ilieleza kwamba kwa kutumia DMARC imepunguza barua za hadaa zipatazo milioni 300 zilizokuwa zikisambazwa kwa jina lake. Hizo ni barua zilizokuwa zikiwaahidi wananchi marejesho ya kodi na kuwaomba namba za kadi. Hapakuhitajika kumfundisha kila Mwingereza kutambua barua bandia. Kilichohitajika ni taasisi moja kuweka mipangilio yake sawasawa.

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yenye kazi. Mipangilio hii yote hukaa kwenye DNS, lile daftari la dunia linalotafsiri majina kuwa anwani za mashine, na katika kampuni nyingi huwekwa kwa mkono: fundi anaingia kwenye dashibodi, ananakili maandishi marefu yasiyosomeka, anayabandika, anabonyeza kuhifadhi, anaomba Mungu. Siku hiyo inakuwa sawa. Halafu maisha ya kampuni yanaendelea. Idara ya masoko inajiunga na huduma ya kutuma majarida. Idara ya rasilimali watu inanunua mfumo wa mishahara unaotuma hati za malipo. Kila huduma mpya inataka iongezwe kwenye orodha, na kila inapoongezwa, kuna mahali pa kukosea.

Naomba msomaji anivumilie kidogo hapa, kwa sababu ubovu wenyewe umo katika mambo madogo. Kikoa kinatakiwa kiwe na rekodi moja tu ya SPF. Fundi mgeni, akifuata maelekezo ya huduma mpya neno kwa neno, anaongeza ya pili kando ya ile ya kwanza, na kuanzia dakika hiyo zote mbili zinahesabiwa kuwa batili. Hakuna kengele inayolia. Vilevile SPF hairuhusu zaidi ya maulizo 10 ya DNS. Huduma moja inaweza kula matatu au manne peke yake, na kampuni yenye huduma tano ikavuka kikomo pasipo mtu kujua. Ufunguo wa DKIM wa biti 2048 una herufi karibu 400, wakati kipande kimoja cha maandishi kwenye rekodi ya DNS hakizidi herufi 255, hivyo lazima ukatwe vipande viwili. Herufi moja iliyopotea kwa bahati mbaya wakati wa kubandika inauharibu ufunguo mzima. Barua za kampuni zinaanza kuangukia kwenye taka za wateja, na kampuni inadhani wateja wamenuna.

Kisha kuna ile sera ya DMARC yenyewe. Busara inataka uanze kwa kutazama tu bila kuzuia, ili ujue nani anatuma kwa jina lako, na baada ya muda upande hadi kukataa. Taarifa hizo huletwa kila siku na Google, Microsoft na wengineo, zikiwa faili za XML ambazo hakuna binadamu anayezisoma kwa furaha. Kwa hiyo hazisomwi. Kikoa kinabaki kwenye hatua ya kutazama kwa miaka, kikiwa na DMARC kwenye karatasi ya mkaguzi na hakina kinga kwenye dunia halisi. Naona hili kuwa baya kuliko kutokuwa na chochote, maana asiye na chochote angalau anajua yuko wazi.

Mtu asidhani haya ni mambo ya kampuni maskini. Desemba 2011 mwanahisabati wa Marekani, Zachary Harris, alipokea barua ya kumwita kazini kutoka Google. Akaitilia shaka, akatazama sahihi yake ya DKIM, akakuta ufunguo ni wa biti 512, udhaifu ambao alidhani ni mtihani wa makusudi wa kumpima. Akakodi seva za Amazon, akauvunja kwa siku chache kwa gharama ya dola zipatazo 75, kisha akawaandikia waanzilishi wa kampuni hiyo, akimfanya Sergey Brin aonekane kumwandikia Larry Page. Hakukuwa na mtihani. Ufunguo ulikuwa dhaifu kweli, na alipochunguza zaidi alikuta makampuni mengine makubwa yana ugonjwa uleule. Google ilikuwa na wahandisi wa kutosha kubadilisha ufunguo huo kila asubuhi. Kilichokosekana ni utaratibu wa kuubadilisha bila mtu kukumbuka.

Na kisa cha Februari 2024 kinanisumbua zaidi. Watafiti wa Guardio Labs walieleza kampeni waliyoiita SubdoMailing: vikoa zaidi ya 8,000 vya watu na mashirika yenye heshima, wakiwemo MSN, VMware, McAfee, eBay na Chuo Kikuu cha Cornell, vilikuwa vikitumiwa kutuma mamilioni ya barua za taka kwa siku, na barua hizo zilikuwa zikifaulu SPF, DKIM na DMARC. Watapeli hawakuvunja kufuli yoyote. Walitafuta rekodi zilizosahaulika. MSN ilikuwa na kikoa kidogo cha shindano lililoendeshwa zamani pamoja na Martha Stewart, na rekodi yake ilielekeza kwenye kikoa kingine kilichosajiliwa kwa ajili ya shindano hilo mwaka 2001. Shindano likaisha, usajili ukaachwa ufe, rekodi ikabaki ikielekeza mahali pasipo na mtu. Miaka 21 baadaye, mwaka 2022, mtu mwingine akakisajili kile kikoa kilichokufa. Kwa ada ndogo ya usajili akapata haki ya kutuma barua kwa jina la MSN.

Tafakari hiyo rekodi. Aliyeiweka mwaka 2001 alifanya kazi nzuri. Bila shaka alihama, au alipandishwa cheo, au alistaafu. Hakuna aliyerithi sababu ya ile rekodi kuwepo, na mtu mwenye busara hafuti asichokijua. Ndivyo DNS ya taasisi inavyojaa masalio: tovuti ya maadhimisho ya miaka 50, mfumo wa udahili uliobadilishwa, mradi wa wafadhili uliofungwa. Kila moja ni mkataba ambao bado unasimama na upande wa pili haupo tena.

Hapa ndipo API inapoingia, na ndiyo hoja yangu. API ni mlango ambao programu inautumia kuzungumza na programu nyingine bila mtu kukaa mbele ya dashibodi. Kubadilisha DNS kwa njia ya programu si jambo geni: kanuni ya kwanza ya kufanya hivyo ilitoka mwaka 1997, na Amazon ilipoanzisha huduma yake ya Route 53 mwaka 2010, API ndiyo ilikuwa mlango wake mkuu. Kilichobadilika baadaye ni desturi. Mwaka 2017 GitHub ilitoa bure programu yake ya OctoDNS, na Stack Overflow ikatoa DNSControl. Zote zinafanya kazi kwa wazo moja: rekodi zote za kikoa ziandikwe kwenye faili la kawaida, faili hilo lihifadhiwe pamoja na historia ya kila badiliko, nani alilifanya, lini, kwa sababu gani, na programu ndiyo ilipeleke faili kwenye seva za DNS kupitia API.

Matokeo yake ni makubwa kuliko yanavyosikika. Faili lile linakuwa ndiyo ukweli wa taasisi. Idara ya masoko ikitaka huduma mpya, ombi linaandikwa, mtu wa pili analisoma, na kabla halijapokewa programu inahesabu maulizo ya SPF, inagoma ikiona rekodi mbili, inaukata ufunguo wa DKIM mahali sahihi. Ufunguo wenyewe unabadilishwa kila miezi sita: mpya unatangazwa kwanza, seva inaanza kuutumia, wa zamani unaondolewa barua zilizokuwa njiani zikishafika. Kwa mkono kazi hiyo ina hatua za kuchosha, ndiyo maana haifanywi. Kwa mashine hakuna anayechoka. Zile taarifa za XML zinasomwa na programu kila asubuhi na kugeuzwa orodha fupi ya wanaotuma kwa jina lenu, mnaowajua na msiowajua. Vikoa vyenu vyote visivyotumika vinatangazwa siku moja kuwa havitumi barua kabisa, na barua yoyote yenye jina hilo ikataliwe. Kila rekodi inayoelekeza nje inakaguliwa kama mwenyewe bado yupo. Lile shindano la 2001 lingekamatwa wiki ambayo usajili wake uliisha.

Tayari tumeona badiliko la aina hii likifaulu kwenye kazi ya jirani. Hadi mwaka 2015 cheti cha usalama cha tovuti kilikuwa kitu cha kununua na kukisahau hadi kiishe muda na wateja waone onyo jekundu. Let's Encrypt ilikuja mwishoni mwa mwaka huo na vyeti vya bure vya siku 90, vifupi kwa makusudi, ili mtu asukumwe kuacha kuvishughulikia kwa mkono. Watu walilalamika, kisha wakaiachia programu. Mwaka 2025 muungano wa watoa vyeti na watengeneza vivinjari ulipiga kura kufupisha uhai wa vyeti vyote vya hadharani hatua kwa hatua hadi siku 47 ifikapo Machi 2029. Taasisi ambayo haijajifunza kuendesha DNS yake kwa programu itauona mwaka huo kuwa mgumu sana.

Wapo wanaosema mashine ikikosea inakosea kwa kasi, nami sibishani nao. Tarehe 19 hadi 20 Oktoba 2025 sehemu kubwa ya huduma za Amazon zilizoko kaskazini mwa Virginia zilianguka, na nyingine nyingi duniani zikaanguka nazo. Chanzo kilikuwa mfumo wa kujiendesha wa DNS. Programu mbili za aina moja zilikuwa zikisasisha rekodi ileile; moja ilichelewa, ikaweka mpango wa zamani juu ya mpango mpya, na usafishaji uliofuata ukaufuta mpango huo kwa kuuona umepitwa na wakati. Rekodi ya DynamoDB, hifadhidata ya Amazon, ikabaki tupu, na ilibidi wahandisi wairekebishe kwa mkono. Hao ndio walioifundisha dunia kuendesha DNS kwa API.

Jambo ninalolichukua pale ni kwamba mashine ipewe mipaka iliyoandikwa. Isiruhusiwe kamwe kuacha rekodi tupu mahali palipokuwa na kitu. Isibadilishe zaidi ya rekodi chache kwa mkupuo bila mtu kuidhinisha. Na uamuzi wa kuipandisha DMARC hadi kukataa ubaki kwa binadamu, kwa sababu ni uamuzi wa biashara: mwezi Aprili 2014 Yahoo ilipoamua kukataa, orodha za barua za vikundi duniani kote zilivurugika, maana barua iliyopitia kwenye orodha na kuongezewa maneno hupoteza sahihi yake. Mashine inaweza kukuambia nani ataumia. Kama umekubali aumie, hilo ni lako.

Hatari nyingine nzito zaidi ni ufunguo wa API wenyewe. Aprili 2019 kikosi cha Talos cha Cisco kilieleza kampeni ya Sea Turtle, iliyozishambulia taasisi zipatazo 40 katika nchi 13, hasa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, zikiwemo wizara za mambo ya nje. Washambuliaji waliiba vitambulisho vya wale wanaosimamia DNS, wakabadilisha rekodi kwa muda mfupi, wakajipatia vyeti halali, wakakusanya nywila za barua pepe za maofisa, wakarudisha rekodi kama zilivyokuwa. Miezi mitatu kabla, tarehe 22 Januari 2019, serikali ya Marekani ilikuwa imetoa agizo la dharura kwa idara zake: kagueni rekodi zenu zote, badilisheni nywila, wekeni uthibitisho wa hatua mbili, yote ndani ya siku 10 za kazi. Anayeshika DNS yako anashika barua zako, tovuti yako na vyeti vyako kwa pamoja. Kwa hiyo ufunguo unaopewa programu ya kubadilisha DKIM uwe na uwezo wa kubadilisha DKIM tu, kwenye kikoa kimoja tu, kutoka seva moja inayojulikana, na uwe na tarehe ya kufa. Ufunguo mmoja unaofungua kila kitu, ulioandikwa kwenye faili la programu na kusambazwa kwa mafundi wanne kupitia WhatsApp, ni hatari kuliko dashibodi yoyote.

Msukumo wa kubadilika upo. Oktoba 2017 Marekani iliziagiza idara zake kuweka DMARC ndani ya siku 90 na kufikia kukataa ndani ya mwaka mmoja. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinamtaka kila anayetuma barua nyingi, kwa Gmail ni kuanzia 5,000 kwa siku, awe na SPF, DKIM na DMARC. Microsoft ikafuata Mei 2025. Benki, chuo au kampuni ya simu ya hapa kwetu inayotuma taarifa kwa wateja wenye anwani za Gmail tayari iko chini ya masharti hayo, iwe imeyasoma au haijayasoma. Agizo kama lile la 2017, lenye tarehe na lenye jina la ofisa wa kuulizwa, linafaa kwa taasisi za umma Dodoma, Nairobi na Kampala, na litimizwe kwa kukaguliwa na programu kila siku. Fomu ya kujaza mara moja kwa mwaka haitoshi.

Kinga hii haizuii kila kitu. Tapeli anaweza kusajili jina linalofanana na lako, akaongeza kistari au kubadilisha herufi moja, akaliwekea SPF, DKIM na DMARC safi kabisa. Mwagizaji wetu wa Kariakoo bado anatakiwa kumpigia simu muuzaji kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani kabla ya kubadilisha akaunti ya malipo.

Ninachotaka kutoka kwa wasajili wa majina ya vikoa wa ukanda huu ni dhahiri. Bado kuna wanaomtaka mteja afungue tiketi na kusubiri hadi kesho yake ili rekodi moja ibadilishwe, na mabadiliko hayo hayaachi kumbukumbu ambayo mteja anaweza kuiona. Wafungue API kwa kila mteja, mwenye kikoa kimoja na mwenye mia. Waiwekee funguo zenye mipaka, uthibitisho wa hatua mbili, na orodha ya kila badiliko pamoja na jina la aliyelifanya. Waipe taasisi uwezo wa kufuta ufunguo wa fundi jioni ileile anayoondoka kazini, na wafanye hivyo bila kutoza ada ya ziada, kwa sababu mwenye duka dogo la mtandaoni ana jina la kulinda sawa na benki.